Chai Niliyokatala Ibanda

Nilikuwa naamini kama hakuna kitu cha dunia hii kinaweza kunishangaza tena. Mutu aliyeanza na mufuko mumoja wa maharagi ya soko la Miti na leo iko na depo tatu, nani atamufundisha nini? Masomo niliacha ku darasa ya ine ya primaire, na mwalimu wangu wa zamani anakuja kwangu kukopa. Basi muone hiyo akili yangu kubwa ilifanya nini. Kosa ni langu, sitalisukumia mutu.

Tulikuwa tunapanga nyumba Kadutu, hapa Bukavu, juu ya mutelemuko. Mvua ikinyesha, bibi yangu anavalisha watoto viatu, wanakaa kando ya mulango, tayari kukimbia ukuta ukianguka. Nikasikia nyumba inauzwa Ibanda: udongo mugumu, papiers za umiliki safi, bei dola elfu makumi saba na munane. Nikasema, imeisha.

Komisioneri, dalali wa nyumba, alinipeleka. Mwenye nyumba, mujane mumoja mupole, alitupokea vizuri. Mimi nikafanya vile ninafanyaka soko: chafua mali ya mutu kwanza, bei itashuka yenyewe. Niligonga kuta. Nilifungua kabati yake ya nguo, eti naangalia unyevu. Nilifunua sufuria iliyokuwa ku moto, nikauliza kama hiyo moshi inauzwa pamoja na nyumba. Nilijilaza ku kitanda chake na viatu, nione kama chumba kinanienea.

Chumba kilinienea. Mimi ndiye sikuenea mu chumba.

Komisioneri alinikanyaga muguu mara kwa mara. Nikazani anateleza.

Halafu yule maman mujane akaleta chai. Watu wa Bukavu munajua woga wetu wa karuho, ile sumu ya kutia mu kinywaji. Mwenye adabu akiogopa, anasema tumbo inamuuma, anagusisha kikombe ku midomo, basi. Mimi ni mutu wa kusema wazi. Nilisukuma kikombe mbele yake nikicheka:

"Maman, kunywa wewe kwanza. Pesa zangu zingali mingi, siwezi kufa leo."

Alikunywa polepole, mpaka chini.

"Papa, ndugu za bwana yangu walininywesha hivi hivi ku matanga yake," akasema. "Nauza hii nyumba ili nisisikie tena ile neno. Wewe umeileta mpaka ku meza yangu. Kwako siuzi."

Inje, komisioneri akanielezea: familia ya marehemu ilimusingizia kama ndiye alimupa karuho. Mutaa wote ulijua, isipokuwa mimi mujuaji.

Niliongeza pesa, akarudisha jibu lile lile. Nilituma bibi yangu na kitenge cha zawadi. Alikunywa chai, akaongeleshwa vizuri, akaambiwa: "Wewe dada, ningekupa. Lakini utaingia na ule bwana."

Maman akauzia nyumba muchuuzi wa vitambaa, mutu wa Uvira, aliyevua viatu ku mulango na kuuliza nani alipanda maua ya inje. Tena alimupunguzia!

Nilitafuta kwingine. Nyumba moja ilikuwa imeuzwa kwa watu wawili, ingine ilikuwa inaserereka. Na mvua ikarudi. Nikaenda kupiga magoti kwa ule wa Uvira aniuzie. Alinipa chai, nikakunywa, nikaomba kikombe kingine. Bei aliyopandisha haikushuka hata kidogo, nikalipa. Alikuwa ameshasikia namna ninapenda ile nyumba.

Sasa bibi na watoto wanalala mvua ikinyesha. Yule maman alirudi kwao Mumosho. Sijamuomba musamaha, naandika hapa bila jina, muone uhodari wangu.

Ninyi wenye pesa mupya kama mimi, mukienda kuangalia nyumba, mujue mwenyewe angali ndani. Muache sufuria zake. Chai ikikutisha, useme tumbo inakuuma. Uongo huo ni wa bure. Ukweli wangu ulinigarimu, juu ya bei ya kwanza, dola elfu makumi mbili na moja, mia tatu na makumi tano.