Pilipili Haendi Bwawa la Shule

Jumapili, saa kumi na moja jioni.

Kukhu amenikuta uani, hapa kwetu Kangemi, nikimtoa Pilipili kwa bakuli lake la kioo nimtie kwa ndoo. Pilipili ni samaki wangu mwekundu wa mapambo. Walikuwa wawili. Mwenzake alikufa Alhamisi, nikamtoa kwa wavu nilioazima klabu ya kilimo ya shule. Tangu hapo Pilipili anajisugua kwenye kioo, na mapezi yake yana madoa meupe kama chembe za chumvi. Nikitoka shule sina mwingine wa kuongea naye. Kwa hivyo nilitaka kesho nimpeleke bwawa la klabu, akae na ngege wetu, samaki tunaofuga, asife peke yake.

“Huyo anaenda wapi?” Kukhu akauliza. Ni mama yake baba. Ametoka Kakamega kuja kliniki Upper Hill.

Nikamwambia. Hakucheka. Akavuta kigoda, akautazama ule wavu niliomtolea Pilipili, bado unadondosha maji.

“Mwanangu, nakumbuka siku niliyoolewa nilikuja na samaki. Wenzangu walikuja na kuku. Mimi nilibeba vifaranga vya ngege kwa jerikani, ndani ya maji ya bwawa la baba, nikiona wakikaa kwa maji ya kwao hawatasikia ugeni. Labda ni mimi niliyeuogopa ugeni. Mama mkwe akanisimamisha langoni: ‘Hao hawaingii bwawa langu.’ Mbele ya watu, mwanangu. Nililia jikoni mpaka ugali ukaungua.”

“Alikuwa anakuchukia?”

“Nilidhani hivyo. Na hakuna upweke kama wa kulia kwa jiko la wengine. Kumbe aliwaweka kando kwa karai, na kikombe chao cha kuchotea. Maji ya kwetu akayamwaga kwa migomba, mbali na mto. Hawakuwa na alama yoyote walipofika. Baadaye wakatoka vidonda, wakafa humo karaini. Bwawa lake likabaki zima, na ndilo lililomsomesha baba yako. Msimu uliofuata akaja kuniita mwenyewe, tukachague vifaranga vingine pamoja.”

Nikainama. “Sasa Pilipili atakaa peke yake.”

“Atakaa na wewe.” Akaniwekea mkono kichwani, mzito, una harufu ya Vaseline. “Samaki mgeni akae kando kwanza. Mgonjwa asihamishwe. Maji yake mwaga kwa udongo, si kwa mtaro unaoenda mtoni. Wavu osha, anika, usiguse bwawa lingine kabla haujakauka kabisa. Na ukiona ugonjwa, sema, hata kama sauti yako ni ndogo. Mungu akupe mtu wa kuongea naye, mwanangu, na akupe mdomo wa kumjibu.”

Jumatatu.

Pilipili ameamka hai. Wavu nimeuacha kwenye kamba, nikaenda klabu mikono mitupu.

“Niaje, bubu,” Brian, mwenyekiti wetu, akasema mbele ya wote. “Wavu iko wapi? Umeikaanga?”

Wakacheka. Masikio yakaniwaka moto.

“Iko kwa jua,” nikasema. “Ilishika samaki mgonjwa. Nikiileta mbichi, hawa wetu watakufa.”

Kicheko kikaisha. Brian akaangalia bwawa, halafu akaniangalia mimi.

“Huyo samaki wako anaitwa nani?”

Nikamwambia.