Kilio Tulichokiacha Goma

Nimechonga mawe ya volkano tangu nilipoacha shule, mwaka wa pili wa sekondari. Kuta nyingi za parseli, yaani viwanja vya nyumba, za Murara na Majengo zimepita mikononi mwangu. Mwaka jana mgongo ulikataa. Nilikuwa nikiinama asubuhi, nashindwa kuinuka bila kushika ukuta nilioujenga mwenyewe.

Miezi hiyohiyo binti yetu alikufa. Alikuwa mtoto wetu wa pekee, miaka ishirini na miwili, na alizaliwa na ule ugonjwa wa damu ambao huku tunauita SS. Miaka yote hiyo mimi na mke wangu tulilala tukisikiliza anavyopumua. Siku tuliyomzika sikuwa na machozi. Nilikuwa na usingizi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Wazo la kuhama nililipata kilioni. Mtu mmoja niliyewahi kumjengea ukuta alikuwa amehamia Kisoro, ng'ambo ya mpaka, Uganda. Alikuja kutupa pole, akaketi karibu nami.

"Yaya, Goma hii itakumaliza," akasema, akiniita kaka mkubwa kwa heshima. "Kule, kwa kodi ya chumba chako kimoja, utapata nyumba muzima na shamba nyuma yake. Viazi unapanda mwenyewe. Maji iko kwa robine. Na batu banasema Kinyarwanda kama sisi."

Sisi ni watu wa Rutshuru, na Rutshuru hatuwezi kurudi kwa sasa kwa sababu ya vita. Goma tulikuwa tunalipa kila kitu: nyumba kwa dola, makala ya kupikia, yaani makaa, hata maji ya ziwa yanayopandishwa kutoka Kituku katika bidon, madumu yale ya njano. Udongo wenyewe hatukuwa nao. Pale Murara ukichimba kwa jembe unakutana na jiwe kabla jembe halijazama. Niliposikia neno shamba, nilichoka zaidi, kama mtu anayeonyeshwa kitanda.

Mwenye nyumba ya Kisoro alisema tusipofika kufikia Jumapili ataipangisha kwa wengine. Kilio kilikuwa bado hakijatoshwa. Kwetu, baada ya maziko, ndugu hukaa pamoja, na siku ya mwisho hukutana, husema maneno juu ya marehemu, hunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, kisha wafiwa hunawishwa mikono mbele ya wote. Hiyo ndiyo kutosha kilio, yaani kukiondoa. Kabla ya hapo mzazi hashiki jembe na hapandi kitu. Akipanda, ni kama anasema amekwisha kusahau. Familia ikichelewa kwa sababu ya safari au shida, mfiwa hungoja, hata miezi.

"Twende," nilimwambia mke wangu. "Tutarudi mwezi ujao, tutatosha kilio vizuri, na watu wote."

Akaniuliza, "Unanihakikishia?"

"Nakuhakikishia."

Tulipita Gisenyi, tukapanda basi, tukafika Kisoro jioni na magodoro mawili.

Sitasema nchi ile ni mbaya. Viazi vilikuwa bei ya chini mpaka niliona haya kuvinunua. Robine, bomba la uani, ilitoa maji asubuhi na jioni, na mke wangu kila siku alijaza bidon zote saba tulizokuja nazo, kana kwamba kesho yatakatika. Mwenye nyumba, mama mjane aliyekaa uani upande wa pili, alicheka.

"Nyinyi watu wa Congo, munataka kunihamisha na maji yangu?"

Baada ya wiki mbili mdogo wangu alinipigia simu kutoka Majengo. Nilikuwa njiani naenda sokoni. Alisema shangazi yetu mzee amefika Goma na anarudi keshokutwa, hatapata tena nafasi, wazee wako hapo, viti vimeazimwa, watu wamechoka kungoja. "Yaya, tutoshe ao tungoje?"

Nilisimama kando ya barabara. Nilifikiria nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na siku mbili za kukaa ndani ya basi na mgongo huu. Nikasema, "Muitoshe tu."

Hakuna aliyenilazimisha. Nilijiambia nitamweleza mke wangu jioni. Jioni alikuwa anapanga nguo za marehemu katika sanduku, nikanyamaza. Jioni iliyofuata nikanyamaza tena, na baada ya hapo kunyamaza hakukuhitaji nguvu.

Mvua zikaanza. Uani kote watu walipanda. Mama mwenye nyumba alituazima jembe, akaliegemeza mlangoni petu. Likakaa hapo. Nami sikuweza kulishika mbele ya mke wangu, kwa maana mimi pia, machoni pake, nilikuwa bado kilioni. Kwa hiyo tulihamia nchi ambayo maisha yake ni rahisi kwa mtu anayelima, tukawa tunanunua viazi vya jirani.

"Mama, udongo unakuogopa?" mwenye nyumba akamuuliza siku moja.

"Sijanawa," mke wangu akajibu.

Yule mama aliacha kucheka palepale. Mila yao ni ileile. "Basi nani anawazuia?"

"Tunangojea familia ya bwana yangu."

Akanigeukia mimi. "Familia inangojea nini, muzee?"

"Njia," nikasema. "Njia si nzuri." Ulikuwa uongo. Njia ilikuwa ileile tuliyojia.

Siku chache baadaye, tukiwa mezani, mke wangu alisukuma simu mpaka mbele ya sahani yangu. Alikuwa amekonda. "Pigia ndugu yako sasa. Hapa, nisikie. Atupe siku."

Nilishika simu. Nilitafuta jina la mdogo wangu, nikaliona, na kidole hakikubonyeza. Nikamwambia kila kitu: barabara, shangazi, viti, neno nililosema. Nilimwambia pia kwamba imepita miezi minne.

Hakulia. Aliuliza swali moja: "Nani alinawa mahali pangu?"

"Mke wa mdogo wangu."

Aliondoa sahani. Asubuhi hakuwepo. Alikuwa amechukua mfuko mmoja na kwenda kupanda basi la kurudi Goma.

Nilimfuata siku ya tatu, nikamkuta kwa mdogo wangu Majengo. Alikuwa ameketi sebuleni, mfuko miguuni, hata hakuwa ameufungua. Aliwaambia anataka kilio kitoshwe, naye akiwepo. Mdogo wangu alikuwa na aibu na hasira kwa pamoja.

"Shemeji, kilio haitoshwaka mara mbili. Batu batatucheka."

"Bacheke. Mimi sikunawa."

"Lakini yaya alisema—"

"Yaya wako alisema. Mimi nilisema nini?"

Hapo mke wa mdogo wangu akatoka jikoni, mikono ina unga. Ni mwanamke wa maneno mengi, na siku zote nilimwona kama mtu wa mchezo. "Papa," akamwambia mume wake, "mutu ananawa mara ngapi kwa siku? Mimi ile siku nilinawa mikono ya mutu mwingine, na mpaka leo sijui nilifanya nini. Kamata beseni, acha maneno."

Akaenda mwenyewe kuita majirani wawili na mama mmoja wa kanisa. Tulikuwa watu saba. Hakukuwa na kasiksi. Mke wangu alisema maneno juu ya binti yetu, machache: kwamba alipenda kuchana watu nywele, kwamba alikuwa mvivu wa kuosha vyombo, kwamba hakuwahi kumwambia mama yake uongo mkubwa. Kisha akanyoosha mikono, mdogo wangu akammiminia maji. Hapo ndipo alipolia, na wanawake wakamwacha alie.

Nami nikasogea. Nilikuwa nimekunja mikono ya shati. Mke wangu aliinua kichwa.

"Wewe ulishanawa," akasema. "Kwa simu."

Mmoja wa majirani alicheka, kisha akajizuia. Beseni likarudishwa jikoni.

Usiku uleule aliniuliza saa ya basi. Alisema mvua bado ipo, maharagwe yanaweza kuwahi. Nilidhani tunaondoka wote. Alisema hapana. Anakwenda yeye. Mimi nitakuja siku nitakapokuwa nimenawa, na sitanawa mpaka niingie katika kila nyumba iliyotukalia kilio, niwaambie kwa mdomo wangu kwamba mama wa marehemu alikuwa hai, alikuwa anangoja, na mimi nilijua.

Sasa yeye ndiye anaishi katika nchi ya bei rahisi. Wanawake wanaovuka na bidhaa huniletea viazi vyake, vikubwa, bado vina udongo. Mimi nimepanga chumba Murara, nachonga mawe madogo, yale unayoyakubali mgongo. Mdogo wangu kila Jumapili aliniuliza nangojea nini, na kila Jumapili aibu ilinirudisha chumbani.

Wiki hii nimeanza. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya muzee wa upande wa juu, aliyebeba sanduku la binti yetu upande wa mbele siku ya maziko. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachezea fimbo yake.

"Unafikiri hatukuona?" akasema. "Tuliketi pale, mama hayuko, baba hayuko. Tulikunywa tu, tukarudi. Mimi nilisema kwa bibi yangu, ile haikuwa kitu."

"Nakuomba uje Jumamosi, muzee, ninawe mbele yenu."

"Kutakuwa kasiksi?"

"Kidogo."

"Kidogo ni muzuri. Ile ya kwanza ilikuwa mingi." Akanionyesha mlango wa jirani yake. "Huyu, musemeshe pole pole. Yeye alikasirika sana."

Nikavuka uwanja na kubisha hodi kwa huyo jirani. Zilikuwa zimebaki nyumba kumi na moja, na nilisikia mtu ndani anavuta kiti.