Huzuni ya Anacleto Rojas

Katika bonde la Mizque, mtu akidondoka ghafla na moyo kusimama, majirani huuliza swali moja: alikuwa na huzuni gani? Ya baba yake Anacleto Rojas ilijulikana. Alianguka kwenye shamba la viazi mwaka uleule aliomzika mkewe, na bonde zima likakubaliana kwamba ni kihoro. Kaka yake Anacleto alifuata, baada ya fahali wake wawili kuporomoka gengeni. Hapo watu walisitasita kidogo, lakini kweli fahali walikuwa wazuri.

Kwa hiyo Anacleto, mfyatua matofali ya udongo, alipoanza kuhema akipanda kilima na kunyamaza katikati ya mazungumzo, mkewe Casimira alimtafutia huzuni. Alipoikosa, alimshuku mwanamke ambaye mumewe aliwahi kumchumbia huko mji wa Aiquile.

"Mwambie aje amalizie kukuua," alimwambia. "Pombe ya matanga nitapika mimi."

Anacleto alicheka hadi akaishiwa pumzi, akashika ukuta. Kicheko hicho ndicho kilichomtisha Casimira. Akampeleka zahanati.

Tabibu Gualberto, mzaliwa wa bonde hilo, alimsikiliza kifua na kumtoa damu. Majibu yaliporudi alimwonyesha mdudu mkavu ndani ya chupa: vinchuka. Hakuna asiyemjua. Hukaa kwenye nyufa za kuta na nyuma ya vizimba vya simbilisi, na giza likiingia hushuka kuwanyonya damu waliolala. Kuuma kwenyewe si tatizo. Mdudu hunya kando ya jeraha, aliyelala hujikuna, na vijidudu vilivyo kwenye kinyesi hupenya mwilini. Vinaweza kukaa humo miaka mingi bila kelele, huku vikiudhoofisha moyo. Kwa Anacleto, alisema Gualberto, dawa za kuua vijidudu zimechelewa, ila kuna kifaa kinachopandikizwa mjini, kinachoukumbusha moyo kupiga unaposita. Lakini binti yao Nilda, aliyekuwa darasa la tatu, apimwe mara moja. Mtoto akiwahiwa, dawa mara nyingi humponya.

Anacleto alikataa yote mawili.

"Baba yangu alimfuata mama yangu," alisema. "Leo unataka niseme aliuawa na mdudu wa ukutani?"

Walipofika nyumbani Casimira aliwasha moto, akapakua supu, akamwekea mumewe bakuli mbele yake.

"Baba yako alimpenda mama yako, na mdudu alimuuma. Yote yalimpata, Baba Nilda. Nilda hana huzuni yoyote, ila analala kwenye ukuta uleule."

Kesho yake Anacleto mwenyewe ndiye aliyempeleka mtoto. Vijidudu vilikutwa. Vidonge vilimletea Nilda vipele mwili mzima, akalia akitaka kuviacha. Baba yake alimshika mikono asijikune na kumsimulia habari za fahali wa baba yake mkubwa. Nilda alivimaliza vidonge vyote.

Safari ya mjini Anacleto aliisogeza mbele. Kwanza alihamishia vizimba vya simbilisi nje, kisha akaanza kuziba nyufa za chumba cha kulala na kukandika kuta ziwe laini, akipumzika juu ya kigoda kila baada ya viganja vichache vya udongo. Casimira aliomba, akagomba, akamfungia vitu vya safari kwenye shuka. Kuta tatu zilikuwa tayari, na ya nne imefika dirishani, alipomkuta ameketi kwenye kigoda, kichwa kimeegemea udongo mbichi.

Kwenye msiba wazee walitafuna majani ya koka, na binamu mmoja akauliza, kwa upole kama ilivyo desturi, marehemu alikuwa na huzuni gani.

"Hakuwa nayo," alisema Casimira. "Alikuwa na vinchuka. Wapelekeni watoto wakapimwe."

Binamu alitazama chini, kama mtu aliyesikia siri ya ndoa. Jirani mmoja, mama wa watoto wanne, aliinuka akaenda chumbani, akapitisha kiganja ukutani kutoka juu hadi chini. Akarudi akamuuliza Casimira udongo ule ulichanganywa na nini.