Kamba ya Meja na Watu Mia Moja Sitini na Tisa wa Ulemo

Safari ya Ulemo imenigharimu siku tano za soko, soli ya kiatu cha kushoto, jogoo mmoja mwenye afya kuliko mimi, na heshima yangu mbele ya shangazi kwa usiku mmoja na nusu ya mchana. Nimehesabu mara mbili. Heshima imerudi. Soli bado.

Chanzo ni Meja mmoja, daktari wa jeshi, mwanamke asiyepoteza maneno, aliyekuja kununua kuku kwangu sokoni Singida mjini. Alitaka ishirini. Nikamhesabia, nikawarudisha kwenye tenga, nikahesabu upya.

"Kwa nini mara mbili?"

"Ya kwanza yako, afande. Ya pili yangu."

Akaomba nimpunguzie, nikakataa, akanipa kazi. Alikuwa akifanya utafiti wa kupanga na kuendesha hospitali ya jeshi inayohama: ukisimamisha mahema porini, uweke vitanda vingapi, watumishi wangapi, maji kiasi gani. Kwa kuwa vita hatuna, na tunashukuru, raia wa Ulemo wangetibiwa bure siku tatu na yeye angepima. Alikosa mtu wa kuhesabu watu. Niliitikia upesi hadi nikajishangaa, maana shangazi yangu Zena anaishi Ulemo, na ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Mwaka wa pili huu ananitambua kwa kikohozi. Tayari alikuwa ameandikishwa: upasuaji wa jicho moja, siku ya tatu.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa kwenye geti la kambi ya jeshi na jogoo wa kumpelekea shangazi kwapani. Tuliondoka saa mbili. Nilielezwa kwamba jeshini hawachelewi, muda ndio hubadilishwa. Kwenye lori watu walikaa kwa vyeo. Sajenti, mshika fomu, akaniuliza changu.

"Mfanyabiashara wa kuku."

"Hakipo." Akaandika "Mengineyo" na kunikalisha juu ya maboksi ya glovu. Barabara ya Nzega ni nzuri, alizeti zilikuwa zimechanua pande zote mbili, na nadhani mtu mwenye cheo aliziona vizuri zaidi.

Ulemo tulifika adhuhuri. Mahema manne yalisimamishwa kwa kupimwa na kamba, yakanyooka kama rula, milango yote ikielekea upepo unakotoka. Hakuna aliyewauliza wenyeji upepo unatoka wapi. Haikuwamo kwenye fomu.

Jumanne, saa moja asubuhi, foleni ilikuwa imefika kwenye mti ulio mbali na kurudi. Fomu zilikuwa zile zile za askari, kwa hiyo kila mtu aliulizwa cheo na kikosi. Mzee mmoja aliyebebwa mgongoni na kijana wake mwenye fulana nyekundu alijibu bila kusita, "Cheo babu. Kikosi wajukuu kumi na mmoja." Sajenti akaandika.

Nikahesabu: watu mia mbili arobaini. Nikarudi mwanzo, safari hii nikiuliza kila mmoja anaumwa nini. Wagonjwa walikuwa sabini na mmoja. Waliobaki, mia moja sitini na tisa, hawakuumwa kitu. Huyu amekuja kumshika mama mkono, yule amebeba sufuria, mwingine amekuja kusikia daktari atasema nini ili nyumbani kisielezwe kingine. Huko kwetu mgonjwa hapelekwi hospitali peke yake, labda kama mmegombana.

Jioni Meja aliichukua hesabu yangu kwa furaha. Walishatibiwa arobaini. "Wamebaki thelathini na mmoja. Kesho tunamaliza, Alhamisi tunavunja mahema kwenda Mtinko."

"Na daktari wa macho, afande?"

"Atatukuta Mtinko."

Kumwambia mtu asiyeona atoke Ulemo hadi Mtinko ni kama kumwambia aende Uturuki. Nilijaribu biashara. Nikasema hesabu huenda ina makosa.

"Ulihesabu mara mbili?"

"Mara mbili."

"Basi haina makosa."

Nilikwenda kwa shangazi na jogoo wake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Keshokutwa nitaiona tena sura yako, nijue kama baba yako alikuonea kukurithisha yake au la."

Nikamweleza. Akapapasa manyoya ya jogoo.

"Nani kawaambia wagonjwa ni wachache?"

Nikakohoa. Akanitambua.

"Ukahesabu mara mbili, eti?"

"Ndiyo, shangazi."

"Tangu mdogo. Uji unahesabu vijiko. Leo umenihesabu mimi hadi nimetoka." Akasema na jambo kwa Kinyiramba, na jirani yake aliyekuwa akipepeta mtama akacheka sana. Sikuomba tafsiri.

Jumatano asubuhi Meja aliifanyia kazi hesabu yangu. Akafunga kamba kuzunguka mahema: wagonjwa ndani, wasioumwa nje, na hata wa jana walikuwa wamerudi wote. Akauita utaratibu. Uliendelea vizuri kwa dakika kama tano.

Mtoto wa homa alibaki ndani akilia, mama yake nje, kwa sababu mama haumwi. Babu mwenye kikosi cha wajukuu aliitwa jina, akaitika, akabaki alipokaa. Miguu yake ilikuwa upande wa pili wa kamba, imevaa fulana nyekundu. Askari wawili wakaacha dirisha la dawa wakaenda kumbeba, dirisha likafungwa. Bibi mmoja aliulizwa anaumwa wapi, akajibu kwa Kinyiramba, kwa urefu na kwa uchungu; mtafsiri wake alikuwa nje ya kamba, na muuguzi akaandika "tumbo" kwa kukisia. Ndoo zikakauka. Kumbe jana yake waliokuwa wakichota maji bombani ni wale wenye sufuria. Sisi tulidhani mapipa yanajaa kwa sababu yamepangwa.

Saa saba mchana nilimwendea Meja na daftari.

"Afande, jana hadi saa hii walitibiwa ishirini na watatu. Leo tisa."

"Tumepungukiwa nini? Dawa?"

"Watumishi."

"Wangapi?"

"Mia moja sitini na tisa. Wako nje ya kamba."

Sajenti akasema hao hawamo kwenye orodha ya watumishi. Meja aliwatazama watu wale nje, wamekaa juani, sufuria mapajani, wakitutazama kama tunavyotazama mtu anayefunga ng'ombe kwa mkia. Kisha akaikunja kamba kwa mikono yake mwenyewe, kuanzia mwisho hadi mwanzo.

Hata hivyo asubuhi ilishapotea. Jioni wagonjwa kumi na wawili walikuwa hawajaonwa, na kwa amri yao wenyewe hema halivunjwi likiwa na foleni. Meja akampigia daktari wa macho aje Ulemo. Niliuliza mara mbili kama ni Ulemo.

Alhamisi, saa tatu, shangazi alifika akiwa na majirani wawili na mimi. Hakuna aliyetuuliza tunaumwa nini. Tuliposubiri alinishika mkono, akaubana hadi vidole vikaniuma, mwanamke aliyewahi kumfukuza fisi zizini kwa ufagio. Kwa mkono wa pili nilishika kalamu, maana kazi ni kazi. Jogoo aliliwa mchana huo na waliochota maji.

Ijumaa asubuhi walimfungua bandeji. Akanitazama muda mrefu.

"Umezeeka," akasema. "Na vifungo vya shati umeruka kimoja."

Nikavihesabu. Kweli.

Tulirudi mjini siku hiyo hiyo. Sajenti alinitoa kwenye maboksi akanikalisha benchini, bila maelezo. Nilichojifunza ni kidogo: mpango wa hospitali uliwahesabu vizuri madaktari, vitanda na mapipa, ukawaita waliokuwa wakiiendesha msongamano. Meja ameliandika hilo kwa maneno marefu zaidi, na ndugu wa wagonjwa wamewekwa kwenye safu ya watumishi. Jedwali nimeachiwa nilihakiki.

Hapo ndipo nilipokwama, na naomba ushauri kwa yeyote anayejua mipango ya hospitali. Siku ya Alhamisi nimo kama mhesabuji, na nimo tena kama ndugu wa mgonjwa. Meja anasema mtu mmoja hawezi kuwa watumishi wawili, nijifute mahali pamoja. Shangazi anasema nisiguse kitu, kwa sababu aliyemshika mkono alikuwa mmoja, na aliyekuwa akiandika alikuwa mwingine, na yule wa pili yeye shangazi hakumwita. Jedwali linatakiwa Jumatatu. Nijifute wapi?