Jiko la Wiki ya Giza

Nakumbuka siku mama mkwe alipoteremka kwenye lori la mawese la kutoka Mwandiga akiwa ameshika mbeleko, wala hakuwa na mtoto wa kubeba. Nilikuwa mwaloni, ufukweni mwa ziwa, nageuza dagaa. Nilipoiona ile mbeleko imekunjwa vizuri, nikajua mtoto anayefuatwa ni wangu.

Mwanangu, wewe unayelea huku unafanya kazi, umeniuliza tuliwezaje zamani bila gesi, bila friji, bila msichana wa kazi. Mimi sina siri ya kukupa. Nina habari ya mama mkwe na jiko langu, na ukinivumilia utapata humo unachokitafuta, pamoja na vingine ambavyo hukuviulizia.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Mume wangu Bilali alikuwa mvuvi, na tulikaa kaskazini ya Kigoma mjini, nyumba zetu zimebanana kati ya ziwa na mlima. Watu wa mwaloni tulipanga maisha kwa mwezi wa angani. Mwezi ukiwa mkubwa, dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo wanaume walishona nyavu, wakalala, wakabishana siasa. Mwezi ukishatoweka ndipo tuliposema giza limeingia. Taa za karabai ziliwashwa, na alfajiri mitumbwi ilirudi imejaa. Wiki hizo mwanamke hakuwa na nafasi hata ya kujikuna. Dagaa mbichi hakusubiri umalize kunyonyesha. Aanikwe jua likichomoza, ageuzwe, afukuziwe kunguru, na wingu likitanda akusanywe mbio mbio.

Kuni tulizitoa kwenye ule mlima uliokuwa nyuma yetu, sote, kila siku. Tulikata miti mibichi kwa sababu mikavu ilikwisha zamani, na kila mwaka tulipanda juu zaidi kuliko mwaka uliopita. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu ulishuka mpaka kwenye mchanga wa kuanikia, tukalaani mvua. Hakuna aliyejilaani mwenyewe.

Basi katika wiki za giza nilipika kile kilichoiva upesi. Maharage niliyaacha kabisa maana yalikula kuni za siku mbili. Mwanangu wa kwanza, Mwajuma, alikuwa amepita mwaka mmoja, na chakula chake kilikuwa uji wa muhogo mtupu, asubuhi ukiwa wa moto na mchana ukiwa umepoa. Alikuwa hasumbui, na mimi nikachukulia kwamba ameridhika. Nywele zilianza kubadilika rangi. Akaacha kutembea, akawa anakaa tu pale anapowekwa. Kliniki nesi alimpima, akanitazama, akasema akipungua tena atalazwa, na mama atalazwa naye.

Habari ile ilifika Mwandiga kabla mimi sijafika nyumbani. Sijui ilipanda gari gani.

"Shikamoo mama," nikamwambia mama mkwe pale mchangani.

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Nimekuja kumchukua mjukuu wangu."

Alilisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha. Kwetu bibi kumlea mjukuu lilikuwa jambo la kawaida, hakuna mtu ambaye angelishangaa. Nami nilijua mwisho wake. Mtoto akishazoea kwa bibi, hukujia wewe mama yake kama mgeni, anakuamkia na kusubiri kuonyeshwa pa kukaa. Nilikuwa na rafiki yangu wa utotoni aliyemwita mama yake mzazi "shangazi" mpaka alipoolewa. Nilitaka kumwambia hapana, lakini siku zile mkwe haambiwi hapana, na isitoshe nesi alikuwa upande wake.

Lori lilikuwa halirudi hadi kesho, kwa hiyo ilibidi alale. Alikaa kizingitini na Mwajuma mapajani, akanitazama siku nzima. Hakunisaidia kitu. Niliona ni roho mbaya, baadaye nikaelewa kwamba alikuwa anahesabu safari zangu. Kutoka mchangani kuja kupuliza moto, kurudi mchangani, kuja tena moto umezimika, kwenda kwa jirani kuomba kaa, kurudi. Upepo wa ziwa ulikuwa unapita katikati ya mafiga yangu kama njia yake. Jioni nilipokaa, aliniita jina la mtoto, kama ilivyo heshima.

"Mama Mwajuma, kule nyumbani nilisema wewe ni mvivu. Nilikosea. Wewe unachoka bure."

Nikakung'uta mchanga miguuni.

"Dagaa wamejaa mpaka mlangoni, na mtoto anakonda. Amewakosea nini hao dagaa?"

"Wale ni wa kuuza, mama."

"Na huyu ni wa nini?"

Nililia, mwanangu. Sikulia kwa kuguswa na hekima yake, nililia kwa hasira, kwa sababu alikuwa amesema kweli mbele ya mume wangu, na mume wangu akainama kuchunguza kidole chake cha mguu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kukiona.

Pengine machozi yale yalimlainisha kidogo. Alisema mwezi ulikuwa karibu kuandama, angebaki kwetu mpaka uwe mkubwa, kisha angeenda zake bila mtoto. Lakini giza lijalo angerudi. Akimkuta mtoto bado anaishi kwa uji mtupu, angembeba, na Bilali asimwambie neno. Bilali hakuwa na mpango wa kumwambia neno.

Sasa sikiliza alivyofanya, maana hapa ndipo penye mambo ya jikoni uliyoyataka.

Kwanza alinituma kuchukua udongo wa kichuguu, akaukanda na majivu na majani makavu, akajenga ukuta mfupi kuzunguka mafiga, akaacha mdomo mmoja tu wa kuingizia kuni. Nilidhani ni urembo. Siku ulipokauka niliinjika maji kwa vijiti ambavyo zamani nisingevitegemea hata kuchoma muhindi, yakachemka. Kumbe kuni zangu nyingi nilikuwa nampikia upepo.

Pili aliokota tenga la dagaa lililotoboka, ambalo Bilali alikuwa amelitupa, akalishindilia majani makavu ya migomba chini na pembeni, katikati akaacha nafasi ya chungu. Akaniambia niloweke maharage tangu jioni. Alfajiri tuliyachemsha kwa nguvu mpaka maganda yakaanza kujikunja, kisha chungu kikaingia tengani kikiwa bado kinatokota, kifuniko kimebanwa, juu yake majani mengine na blanketi kuukuu. Moto tukauzima kabisa. Nilimwona kama mtu anayelaza mtoto mchanga, nikacheka kwa siri. Mchana tulipofunua, mvuke ulinipiga usoni. Yalihitaji kuchemka kidogo tu, tukasonga ugali, tukala. Maharage yalikuwa yamejipika huku mimi nikiwa mchangani.

Kuni nazo aliniambia niache kupanda mlima. Kule Mwandiga, wanawake wakishakamua mawese na kupasua mise, yaani zile kokwa za chikichi, maganda yake yalitupwa nyuma ya nyumba, marundo kwa marundo. Alipoondoka alikuwa ananitumia gunia kwenye lori. Maganda yale yanashika moto polepole, lakini yakishashika yana kaa kali, na hayakukatiwa mti wowote.

Na kuhusu dagaa, alichukua konzi moja ya wale waliokauka vizuri, akawatoa vichwa, akawatwanga wakawa unga laini. Uji wa Mwajuma ulitiwa kijiko cha unga ule na tone kubwa la mawese. Mtoto alionja, akakunja uso, akaonja tena. Alikuwa na miezi ya kufidia.

Kubwa kuliko yote lilikuwa lile alilosema siku ya mwisho, akiwa anafunga mzigo. Aliniambia kuwa mimi huzisubiri wiki za giza zinikute kama mvamizi, ilhali kila mtu mwaloni anajua zinakuja. Wiki za mwezi mkubwa nilikuwa napumzika na kusukwa nywele, na hakuniambia niache kusukwa nywele. Lakini wiki hizo hizo ndizo za kutwanga unga wa mtoto ukajaa kibuyu, kukausha muhogo, kukusanya maganda, kuchuja maji ya majivu ya kusugulia vyungu, maana sabuni duka la ushirika lilikuwa nayo siku ambazo hukwenda. Giza likiingia, kinachobaki ni kuchemsha na kufunika.

Nilifanya hivyo. Sikufanya kwa kumpenda. Nilifanya ili asimchukue mtoto wangu.

Giza lililofuata mama mkwe aliingia asubuhi, bila taarifa. Mimi nilikuwa mchangani na Mwajuma anacheza kando na makombe ya konokono. Nikasikia sauti yake kabla sijamwona.

"Jiko la baridi! Saa hizi jiko ni la baridi! Mtoto amekula nini?"

Wenzangu wote waliacha kugeuza dagaa. Nilimshika mkono, nikampeleka nyumbani, nikafunua tenga. Harufu ya maharage ikajaa chumba. Nikamwonyesha kibuyu cha unga wa dagaa, na sufuria ya uji iliyobaki mabaki tu. Mwajuma alikuwa ametufuata kwa miguu yake mwenyewe, anayumba, lakini anatembea.

Mama mkwe alikuwa amekuja na viazi vikuu alivyompondea mjukuu wake, vimefungwa kwenye jani vikiwa bado vuguvugu. Alichuchumaa, akammegea. Mwajuma alilitazama lile tonge, akageuza uso, akarudi nje kwenye makombe yake.

"Ego, ndiyo," mama mkwe akasema. "Ameshiba."

Alicheka, nami nikacheka. Moyoni nilikuwa nimeshinda, na nilitaka jirani zangu wote waone. Kisha akakaa kizingitini, na lile tonge bado liko mkononi.

"Nilikuwa nimeshamtandikia," akasema.

Mwanangu, furaha yangu ilikatika palepale. Nilikuwa sijawahi kufikiri juu ya nyumba anayorudia. Yeye na wenzake walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye maboma yao ya zamani, wakapangwa kando ya barabara, nyumba moja moja kwenye mstari, jirani zake wa miaka yote wametawanywa. Baba mkwe alikuwa amefariki. Michikichi yake ilibaki kule alikotoka, akiifuata kwa miguu. Mtoto wake wa pekee alikuwa ni huyu Bilali wangu, aliyekuwa anaishi na ziwa. Mimi nilidhani ananiadhibu. Yule mama alikuwa anatafuta mtu wa kuongea naye jioni, na kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amenifundisha namna ya kumkosesha mtu huyo.

Angeweza kuninyima ule ujuzi. Angekaa kimya siku ile kizingitini, kesho yake akapanda lori na mjukuu wake, na kila mtu angesema amefanya vyema.

Nilichoweza kumwambia kilikuwa hiki: "Mama, kitanda usikitandue. Mwezi ukiwa mkubwa tunakuja, mimi na yeye."

Tulikwenda. Kila giza likiisha, nilipanda na Mwajuma kwenda Mwandiga, tukakaa, tukapasua mise pamoja, tukarudi na gunia la maganda. Niliweza kwenda kwa sababu kazi ya jikoni ilikuwa imepungua. Watoto wengine waliofuata nao walikwenda. Wote walijua kwao ni wapi, na wote walimwita bibi kwa jina lake la utani, jambo ambalo mimi sikuthubutu hata siku moja.

Sitakudanganya kwamba mlima ulirudi kuwa msitu. Haukurudi. Baadhi ya jirani walijenga ukuta wa udongo na kuiga tenga, wengine walinicheka mpaka walipozeeka. Lakini pale nyuma ya nyumba yetu majani yaliota tena, na mvua za mwisho nilizokaa kule, udongo ulioshuka ulikuwa kidogo.

Basi nakusihi hivi. Wewe nawe una wiki zako za giza, iwe mwisho wa mwezi kazini, iwe mitihani ya watoto, nawe unajua zinakuja lini. Ziandalie chakula siku ambazo umetulia. Loweka maharage usiku, yachemshe vizuri, yafunike yajipike, uokoe mkaa na macho yako. Kinga jiko lako na upepo. Maji uliyooshea samaki yamwagie mchicha. Kabla hujanunua, tazama kile ambacho jirani anatupa. Na kile unachowauzia watu kwa kuwa ni kizuri, mwanao akionje kwanza. Kisha, ukishapata nafasi, usiijaze yote kazi nyingine. Kuna mtu mahali fulani amewatandikia wanao kitanda na haya inamzuia kusema. Wapeleke.

Mungu akupe jiko jepesi, watoto wenye mashavu, na uzee ambao mlango wake unabishwa hodi.