Jicho la Kushoto la Bibi Harusi

Naomba ieleweke kabla sijaendelea: lile jicho zuri kwenye picha za harusi ya dada yangu nililipaka mimi. Si shangazi. Nyumbani kwetu Kagongwa habari hii imepotoshwa kiasi kwamba hata mtu akija kununua mchele anaonyeshwa albamu na kuambiwa, "Ona jicho hilo, samli ya shangazi hiyo," na mimi nimekaa palepale napepeta, kama vile siku hiyo nilikuwa bado sijazaliwa.

Mambo yalianzia kwa mama mkwe. Dada alikuwa anaolewa na kijana anayenunua dhahabu kwa wachimbaji huko Geita, na ndugu zake walipokuja kujitambulisha, mama yake alimwangalia dada kwa muda, akasema, "Binti mzuri, ila ana macho ya mashineni." Nyumba yetu iko nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Sisi sote, pamoja na mbuzi, tuna pumba kwenye kope. Alisema huku anacheka, watu wakacheka, mama yangu akacheka kuliko wote, kisha wageni walipoondoka akaosha vyombo kwa namna ambayo kikombe kimoja hakikupona.

Dada hakucheka. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu: siku ya kuchukuliwa, kope zake ziwe nyeusi mbele ya yule mama. Ila kwetu bibi harusi anapoondoka ni lazima alie. Asiyelia anasemwa mpaka apate wajukuu kwamba alikuwa na haraka zake. Kwa hiyo alihitaji kope nyeusi zinazoweza kulia bila kumchafua.

"Nitafutie wewe," aliniambia. "Wewe si ndiye uko mjini."

Mjini kwenyewe ni bweni la shule ya wasichana Shinyanga, ambako kutoka nje ya geti kunahitaji ugonjwa. Nikaugua jino. Matroni akanipa ruhusa ya kwenda hospitali, na mimi nikaenda moja kwa moja kwenye duka la vipodozi la mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa hapohapo, anayeongea Kisukuma kunizidi mimi mwenye kabila.

"Mwangaluka mayu," akanisalimia.

"Shikamoo mama. Natafuta wanja wa kope wa mtu atakayelia."

"Analia nini?"

"Anaolewa."

Akaona ni jibu la kutosha. Akatoa kikopo chenye rangi kavu, ile unayotemea mate na kusugua kwa brashi, akakirudisha mwenyewe. "Hiki chozi moja, kwisha." Akatoa kichupa cha pili, akanipaka kidogo mkononi, ikakaa mabongemabonge kama miguu ya buibui. Cha tatu kilikuwa kirefu, kina midomo miwili. Upande mmoja brashi ilitoka nyeusi, upande wa pili ikatoka nyeupe kama uji.

"Nyeupe ya nini tena, mama?"

"Hii ndiyo inafanya kazi. Nyeusi inapewa sifa."

Laiti ningejua kwamba alikuwa ananitabiria maisha yangu.

Akanionyesha kwenye kope zake mwenyewe, palepale juu ya kaunta, kwa kioo kidogo cha mkononi. Brashi unaifuta kwanza mdomoni mwa kichupa ili isibebe nyingi. Unaanzia kwenye shina la kope, unaitikisa kidogo kushoto na kulia, kisha unavuta kwenda juu. Nyeupe ikianza kushika, kabla haijakauka ikawa ngumu, unapitisha nyeusi juu yake mpaka weupe wote ufichike. Ni kama fundi anavyoupiga ukuta rangi ya kwanza, akasema, ili ya pili ipate pa kushika. "Na kope ziwe safi. Ukipaka kwenye mafuta utanirudia hapa unalia wewe, siyo bibi harusi."

Nikakinunua, nikaenda kujaribu bwenini, maana siwezi kumpelekea dada yangu kitu sijakipima. Nimemaliza nyeupe tu, kengele ya chakula ikalia. Nikaenda hivyohivyo. Matroni akasimama mbele yangu na mwiko wake.

"Jino ndilo limekuzeesha kope?"

Nilichota maji ya jikoni wiki nzima. Hayo nayo hayamo kwenye historia ya shangazi.

Shangazi huyu ni dada yake baba, anaishi Didia, na amepamba kila bibi harusi wa ukoo wetu. Siku ya harusi alifika asubuhi na chupa ya samli ya ng'ombe wake mwenyewe. Njia yake ni moja: anachovya kidole kwenye samli, anazipaka kope, kisha anapitisha wanja juu yake. Kwa wanja wa unga inafaa, sikatai. Unga unaishika samli, unakaa. Lakini safari hii aliniona nimeshika kichupa changu, akavutiwa na ile nyeusi, na alipoona nyeupe uso ukambadilika.

"Hicho cheupe unakipeleka wapi?"

"Kwenye kope, shangazi. Kinatangulia, halafu nyeusi inashika."

"Yule mama kasema mtoto wetu ana macho ya mashineni, wewe unamwongezea pumba?"

"Kinafunikwa, shangazi. Hakionekani."

"Kama hakionekani, kina kazi gani? Kope kavu haishiki kitu. Lete hiyo nyeusi, ulaini ninao mimi."

"Mwenye duka kasema mafuta hapana."

"Mwenye duka ana ng'ombe?"

Nikamwangalia dada anitetee. Dada akaangalia kucha zake. Tukaendelea kubishana mpaka baba akachungulia dirishani, povu la kunyolea limejaa shavu moja.

"Macho yako mawili," akasema. "Kila mtu achukue lake. Gari limeshafika barabarani."

Ndiyo hukumu hiyo. Shangazi akachukua jicho la kulia, kwa sababu kulia ni kwa wakubwa. Mimi nikapewa la kushoto, ambalo juu ya nyusi yake kuna kovu, dada alipigwa pembe na ndama akiwa mdogo. Likumbukeni hilo kovu. Mimi nikaifuta brashi, nikapaka nyeupe kutoka shinani, nikasubiri ishike, nikapitisha nyeusi. Shangazi akapaka samli, akapitisha nyeusi hiyohiyo, akamaliza wa kwanza na kuanza kunisimamia kama mwalimu wa zamu. Dada alipojitazama kwenye kioo, macho yote yalikuwa mazuri. Shangazi akaguna kwa furaha. Mimi nikachukua khanga ya kufutia, nikasubiri.

Dada alipoanza kuagana na mama, akalia kweli. Na jicho la kulia likaanza. Kwanza mstari mwembamba, kisha samli ikayeyuka, wanja wote ukatelemka shavuni kama mtu aliyebusu sufuria. La kushoto likalowa, likametameta, likabaki jeusi.

Mama mkwe alikuwa anakuja. Nikamshika dada bega, nikamgeuza, nikampisha yule mama upande wa kushoto kwa adabu zote. "Karibu mama, pita huku, kule kuna tope." Tope halikuwepo, mvua ilikuwa haijanyesha tangu mpunga uvunwe. Yule mama akainama kumtazama dada anavyolia. Akatazama sana. Kisha akamgeukia mwenzake, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mtoto ana kope." Nilimsikia kwa masikio yangu.

Mpiga picha kutoka Kahama alikuwa na akili. Alitupia jicho shavu la kulia, akahamia upande wetu. "Bibi harusi, tazama hukohuko kwa mama mkwe. Hivyohivyo. Usirudi huku." Siku nzima dada alitembea kama mtu aliyelalia shingo vibaya, na mimi pembeni yake nafuta upande wa pili.

Filamu ikaenda kusafishwa Mwanza. Picha ziliporudi dada alikuwa ameshazoea Geita, na kila picha ina jicho moja. Zuri, jeusi, limelowa. Shangazi akaishika ya kwanza, akaitazama kwa mapenzi.

"Samli yangu," akasema.

"Shangazi, hilo ni la kushoto. La kwangu."

"Mimi nilikaa mbele yake. Mkono wangu wa kulia ulikuwa hapa hapa."

"Kulia kwako ni kushoto kwake!"

"Ndiyo maana nasema ni langu."

Nikamkalisha mama kwenye kigoda awe bibi harusi, nimwonyeshe shangazi nani alikaa wapi. Mama akasema nisimgeuzegeuze ana mboga jikoni. Nikaonyesha kovu. Shangazi akasema hilo kovu analikumbuka vizuri, lilikuwa linamkodolea alipokuwa anapaka. Baba akasema jicho ni jicho. Na sasa shangazi anaitwa harusi baada ya harusi, yeye na chupa yake, mabibi harusi wanachuruzika toka Didia mpaka Isaka, na jibu lake ni kwamba wanja wa siku hizi ni feki.

Nikabaki na shahidi mmoja. Likizo hii dada amekuja kutusalimia. Nikasubiri watu wajae sebuleni, nikamwekea albamu mapajani. "Dada, waambie. Jicho hili nani alilipaka?"

Dada akaitazama picha. Akamtazama shangazi, ambaye alikuwa amemletea kuku wa kuondoka naye.

"Mikono ya shangazi hiyo," akasema.

Watu wakapiga makofi. Nikaenda jikoni kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Baada ya muda dada akanifuata, akafunga mlango, akapunguza sauti.

"Ile nyeupe ilibaki? Wifi yangu anaolewa, na mama mkwe anataka nimpambe mimi. Kasema kope kama zile zangu."

Ilibaki. Zaidi ya nusu. Iko ndani ya soksi yangu ya shule, chini kabisa ya sanduku.

"Imekwisha," nikamwambia. "Ila samli ipo. Nikuletee?"