Mkungu wa Mama Mkwe

Mama mkwe aliutuma kwa basi kutoka Pangani: mche wa mkungu ndani ya kopo la rangi. Kisha akapiga simu. "Ukishatoa kivuli ndipo nitakuja. Jua la huko siliwezi." Mke wangu alikuwa hajamwona mama yake tangu tuhamie Msalato, huku bara. Aliupanda mbele ya nyumba, akanikabidhi niutunze kwa kuwa yeye hushinda dukani.

Sasa mimi ni Mgogo. Nimekua nikifuata maji mbali, na ukimwaga nusu ndoo unachapwa. Kisima chetu kina chumvi, hata chai yake hainyweki. Nikasema, mti wa mkwe tena? Utakunywa maji matamu ya kununua! Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Majani yakaanza kupukutika. Nikazidisha heshima, nikaupa yaliyochemshwa.

Jumapili moja natoka kanisani, namkuta mwenzangu anaumwagia beseni zima la maji ya kisima. Nikapandisha hasira.

"We mwanamke! Unaua mti wa mama yako kwa chumvi?"

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Makubwa! Huu kwetu unaota ufukweni, bahari inaurushia chumvi mwaka mzima. Kungu zake tunakula, kokwa tunaponda kwa jiwe tupate kiini, na majani yake mapana tunapakulia vitumbua. Wewe, baba watoto, umeushindisha na kiu!"

Aibu gani ile! Nilichukua ndoo nikaenda kisimani. Tangu siku hiyo ulikunywa maji ya kisima mpaka nikauonea wivu, nao ukachipua majani mapana kama sahani.

Mwaka wa tatu mama mkwe akauliza kwenye simu, "Kivuli kimefika wapi?"

Mke wangu akatoka nje kuangalia. "Kinamtosha mtu mmoja, mama, akikaa kwenye kigoda."

Mama mkwe akasema, "Basi nakuja."

Akaja kweli, na kapu la nazi na samaki wakavu. Nilimwamkia nimeinama, nikamwekea kigoda. Kivuli kikisogea, naye anasogeza kigoda. Kufika alasiri alikuwa upande wa pili wa mti. Mke wangu alishinda naye hapo, yeye mwenyewe juani kabisa, kichwa kwenye magoti ya mama yake. Nilimpelekea mwavuli, akaukataa. Chakula siku hiyo nilipika mimi.